Mhariri Aliyeingia Bungeni: Maisha ya Harry C. Smith na Sheria Dhidi ya Umati



Sote tumepata kusoma magazetini ile habari fupi, ya mistari mitano au sita, inayoeleza kwamba mtu aliyetuhumiwa wizi ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Habari huishia hapo. Marehemu ametajwa jina, umri na kijiji alikotoka. Waliomwua hawakutajwa chochote. Aghalabu hakuna anayetaka kuwajua, kwa kuwa akiuliza sana huenda akagundua kwamba mmoja wao ni jirani yake, au kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando akitazama.

Nchini Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, palikuwa na maneno ya namna hiyohiyo. Mtu alipotolewa gerezani usiku na kunyongwa mtini, wachunguzi wa vifo waliandika kwamba amekufa mikononi mwa watu wasiojulikana, na faili ikafungwa. Mara nyingine watu hao walikuwa wamepigwa picha wakiwa wamesimama chini ya mti, nyuso zao zikionekana waziwazi. Walijulikana; lililokosekana ni mtu wa kuwataja.

Leo tumechagua kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyekataa maneno hayo. Alikuwa mhariri wa gazeti dogo, kisha akawa mbunge katika bunge la jimbo lake. Jina lake ni Harry Clay Smith, wa mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Kwa muda mrefu jina hilo halikutajwa sana hata kwao. Hata hivyo tunaamini kwamba mtu yeyote anayefanya kazi ya haki na amani ana jambo la kujifunza kwake.

Kijana na gazeti lake

Smith alizaliwa mwezi wa Januari mwaka 1863 katika mji wa Clarksburg, katika Virginia ya Magharibi, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vinaendelea. Alipelekwa Cleveland, kwenye ufuko wa Ziwa Erie, akiwa bado mtoto mdogo, na huko akasoma mpaka akamaliza shule ya sekondari mwaka 1882. Wakati huo watu weusi wa Cleveland walikuwa wachache sana: takriban 2,000 katika mji wa watu wapatao 160,000.

Mwezi wa Agosti mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 20, alishirikiana na wenzake watatu kuanzisha gazeti la kila wiki lililoitwa Cleveland Gazette. Baada ya muda wenzake walijitoa, naye akabaki mwenye gazeti peke yake. Alilihariri kwa miaka 58, mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka 1941. Wasomaji wake walilipa jina la utani lenye maana ya mzee wa kutegemewa, kwa sababu Jumamosi ilipofika gazeti nalo lilifika.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa katika mwaka huo wa 1883. Miezi miwili tu baada ya gazeti kuzaliwa, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitangua sheria ya mwaka 1875 iliyokuwa imekataza ubaguzi katika hoteli, magari ya abiria na kumbi za starehe. Mahakama ilisema kwamba serikali ya taifa haina mamlaka ya kumwadhibu mtu binafsi anayebagua. Kwa uamuzi huo mlango mmoja ulifungwa. Kama haki ingepatikana, ingebidi itafutwe katika kila jimbo, bunge moja baada ya jingine. Ohio ilitunga sheria yake mwaka 1884, lakini adhabu yake ilikuwa nyepesi mno.

Gazeti la Smith liliikuta kazi hiyo ikilisubiri. Liliandika habari za watu waliofukuzwa katika mikahawa na kumbi, likawahimiza wasinyamaze bali waende mahakamani. Lilidai pia zifutwe sheria za ubaguzi zilizosalia Ohio: ile iliyoruhusu shule za watoto weusi kutengwa, na ile iliyokataza ndoa kati ya mtu mweusi na mweupe. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1887, na miongoni mwa wabunge waliopigania jambo hilo alikuwamo mchungaji mmoja wa Kanisa la Kimethodisti la Kiafrika, Benjamin Arnett. Hapo Smith alijionea jambo moja: gazeti linaweza kulia miaka mingi, lakini machozi yake hayawi sheria mpaka awepo mtu wa kuinua mkono ndani ya bunge.

Kutoka meza ya mhariri hadi kiti cha mbunge

Mwaka 1893 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo kwa tikiti ya chama cha Republican, akiwakilisha kaunti ya Cuyahoga. Kaunti ni kama wilaya kwetu. Wapiga kura wengi wa kaunti hiyo walikuwa weupe, na bila kura zao asingeweza kushinda. Alitumikia vipindi vitatu: viwili mfululizo kuanzia mwaka 1894, na kimoja kuanzia mwaka 1900.

Katika muda huo wote hakuiweka kalamu chini. Aliendelea kuhariri gazeti lake. Tunalisisitiza jambo hili kwa sababu tumezoea kuona kinyume chake. Mtu huanza akiwa mtetezi wa wanyonge. Akiisha kupata kiti, ile sauti hupotea, naye husema sasa anafanya kazi kutoka ndani. Smith alifanya kazi kutoka ndani, na kila Jumamosi akatoka nje kuwaeleza watu yaliyotendeka humo.

Mwaka 1894 alifaulu kupitisha sheria ya haki za raia iliyoikaza ile ya mwaka 1884, ili mwenye hoteli, mkahawa au ukumbi anayembagua mtu kwa rangi yake apate adhabu ya kumfanya afikiri mara mbili. Lakini jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya bungeni ni sheria ya pili, na hiyo haikupita katika kipindi chake cha kwanza.

Sheria ya mwaka 1896

Wengi hudhani kwamba umati uliua watu katika majimbo ya kusini peke yake. Ohio iko kaskazini, nayo ilikuwa upande wa Lincoln vitani. Hata hivyo umati uliua huko pia. Mwezi wa Oktoba mwaka 1894, katika mji uitwao Washington Court House, umati ulitaka kumtoa mahakamani mfungwa mmoja mweusi. Gavana William McKinley, ambaye baadaye alikuwa rais, alipeleka askari. Umati ulipokuwa unaivunja milango, askari walifyatua risasi, na watu watano wakafa. Mfungwa alipona. Bali kila mtu aliona kwamba jimbo haliwezi kuweka kikosi mbele ya kila gereza.

Smith alikuwa na rafiki, mzungu aitwaye Albion Tourgée, mzaliwa wa Ohio, askari wa zamani, mwandishi, na aliyepata kuwa hakimu huko North Carolina. Tourgée ndiye mwanasheria aliyesimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka huohuo wa 1896 kumtetea Homer Plessy, katika kesi mashuhuri ya mabehewa ya treni yaliyotengwa kwa rangi. Kesi hiyo alishindwa. Ile ya Ohio, aliyoifanya pamoja na Smith, walishinda. Tourgée aliandika rasimu, Smith akaipeleka bungeni na kuipigania mpaka ikapita.

Sheria hiyo ilisema nini? Kwanza ilieleza umati ni nini: ni kundi la watu waliokusanyika ili kumdhuru mtu, wakijitwalia mamlaka ya kuadhibu ambayo sheria haikuwapa. Pili, ilisema kwamba mtu akiuawa na umati wa namna hiyo, jamaa zake wana haki ya kudai fidia ya dola 5,000. Tatu, na hapa ndipo penye uzito, fidia hiyo haidaiwi kwa muuaji ambaye hakuna anayekubali kumtaja. Inadaiwa kwa kaunti ambamo mauaji yametendeka, na fedha hizo zitoke katika kodi ya wakazi wake. Kisha kaunti nayo ilipewa haki ya kuwashitaki wale waliokuwamo katika umati ili irudishiwe fedha yake.

Tuitazame kwa makini hekima iliyomo. Kabla ya sheria hiyo, kila mwenyeji alikuwa na sababu ya kunyamaza. Anayemtaja jirani yake hujipatia adui, na asiyemtaja hapotezi kitu. Sheria ya Smith iliigeuza mizani. Sasa kunyamaza nako kuna gharama. Mkulima ambaye hakutoka nyumbani usiku ule ataona katika hati yake ya kodi kwamba kifo cha mtu yule kinamhusu. Mwenye duka atamwuliza mkuu wa gereza kwa nini mlango haukulindwa. Na kaunti yenyewe, ikitaka fedha yake irudi, itabidi iwatafute wale "wasiojulikana".

Je, ni haki asiyekosa alipe?

Tunajua mmoja wenu atauliza, na ni swali la haki: kwa nini mama mjane aliyelala nyumbani kwake alipie damu ambayo hakuimwaga? Je, huko si kutenda udhalimu mmoja ili kuponya udhalimu mwingine?

Tumelifikiri swali hili, na jibu letu ni hili. Sheria haikusema kwamba kila mkazi ni muuaji. Haikumfunga mtu asiyekosa wala kumpaka doa. Ilisema kwamba gereza ni la wote, mahakama ni ya wote, na mtu aliyetiwa gerezani amewekwa amana mikononi mwa wote. Amana ikipotea, walioipokea wanawajibika, hata kama mwizi ni mwingine. Kijiji kinapochanga fedha za kujenga daraja, anachanga hata yule asiyepita hapo kila siku. Basi, ikiwa tunashirikiana katika manufaa ya kuishi pamoja, hatuwezi kukataa kushirikiana katika madeni yake.

Pilato aliomba maji akanawa mikono mbele ya mkutano. Sheria ya Ohio iliwaambia wakazi wa kaunti kwamba maji hayo hayatoshi.

Mtihani wa Urbana

Haukupita mwaka mmoja na nusu kabla sheria haijajaribiwa. Mwezi wa Juni mwaka 1897, katika mji wa Urbana, kaunti ya Champaign, kijana mweusi aitwaye Charles Mitchell alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kosa la kumshambulia mwanamke mweupe. Mahakama ilikuwa imekwisha kutoa adhabu, tena nzito. Umati haukuridhika. Askari waliolinda gereza waliufyatulia risasi, watu wakafa na wengine wakajeruhiwa. Askari wengine waliofika kutoka mji wa Springfield kusaidia waliambiwa warudi. Kulipopambazuka umati uliingia, ukamtoa Mitchell, ukamnyonga katika uwanja wa mahakama.

Madai ya fidia yalipelekwa mahakamani kwa niaba ya marehemu. Kaunti ilipinga, ikidai kwamba sheria yenyewe si halali. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Ohio, na mwaka 1900 mahakama hiyo ilitamka kwamba sheria ni halali. Tangu siku hiyo hapakuwa tena na kaunti ya Ohio iliyoweza kusema kwamba kifo cha mfungwa mikononi mwa umati hakiihusu.

Hatutawadanganya kwamba mauaji yalikoma. Mwaka 1904 umati ulimwua mfungwa mweusi katika mji wa Springfield uleule, ukachoma nyumba katika mtaa walimoishi watu weusi. Sheria haibadili mioyo kwa siku moja. Lakini majimbo mengine nayo yalitunga sheria za kuwawajibisha wenyeji na wakuu wao. Illinois ilifanya hivyo mwaka 1905, na huko sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, alipoteza cheo chake ikiwa mfungwa amechukuliwa na umati. Mwaka 1909 umati uliua watu katika mji wa Cairo wa jimbo hilo, na sherifu akaondolewa. Alipoomba kurudishwa, aliyesimama mbele ya gavana kumpinga alikuwa mama mmoja mwandishi wa habari, Ida B. Wells-Barnett, ambaye gazeti lake huko Memphis liliharibiwa mwaka 1892 kwa sababu ya kuandika ukweli juu ya mauaji ya umati. Gavana alikataa kumrudisha sherifu.

Serikali ya taifa ilichelewa sana. Muswada wa kwanza wa kuyafanya mauaji hayo kuwa kosa la taifa uliletwa mwaka 1900. Baada ya majaribio mengi kushindwa, sheria yenyewe ilitiwa sahihi mwezi wa Machi mwaka 2022, ikiwa na jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Miaka 126 ilikuwa imepita tangu bunge la Ohio lipitishe sheria ya Smith.

Mtu, si malaika

Tusimchore Smith kana kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa mtu wa chama, na chama kilimpa riziki: wakati wa gavana Joseph Foraker, katika miaka ya 1880, alipewa kazi ya naibu mkaguzi wa mafuta ya jimbo, na gazeti lake lilimsifu gavana huyo sana. Mhariri anayekula mezani pa mtawala hujiweka katika hatari, hata kama mtawala huyo ni mwema.

Tena alikuwa mgumu mno kwa wenzake. Aliamini kwamba watu weusi wasikubali kamwe chombo chochote kilichotengwa kwa ajili yao, kwa kuwa kukubali ni kuhalalisha ubaguzi. Mwaka 1905 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Niagara pamoja na W. E. B. Du Bois, kudai haki kamili bila kuomba radhi. Lakini mwaka 1911, muuguzi mmoja aitwaye Jane Edna Hunter alipoanzisha Cleveland nyumba ya kuwahifadhi wasichana weusi waliotoka kusini kutafuta kazi, Smith alimpinga. Kwa kanuni, alikuwa na hoja. Lakini wasichana wale walihitaji mahali pa kulala usiku huohuo. Haki isiyosikia baridi ya mtu aliye mlangoni imepungukiwa kitu, na sisi tulio katika kazi hii tunapaswa kuliogopa kosa hilo.

Katika miaka ya 1920 aliomba ateuliwe na chama chake kugombea ugavana wa Ohio. Hakuteuliwa. Akarudi mezani kwake, na Jumamosi iliyofuata gazeti likatoka.

Tunajifunza nini?

Ndugu zetu, hatukuja kuwaambia kwamba kila mmoja wetu aanzishe gazeti au agombee ubunge. Tumekuja na mambo matatu.

Kwanza, tujizoeze kutaja. Damu ikimwagika kijijini, tusikubali kusema "watu" au "wananchi" kana kwamba ni mvua iliyonyesha. Tuandike jina la marehemu, mahali, siku, saa, na aliyekuwapo. Kumbukumbu iliyoandikwa vizuri na katibu wa jumuiya inaweza kuwa mwanzo wa haki.

Pili, tusiishie kwenye kulaani. Smith alilaani kwa miaka kumi katika gazeti. Kisha akauliza ni kanuni gani itakayomfanya mwenye kunyamaza aone gharama ya kunyamaza kwake. Nasi tuulize hivyohivyo katika vikao vya kijiji na mbele ya wale tuliowachagua.

Tatu, tukubali kwamba sisi tuliosimama kando tumo ndani. Kilio cha "mwizi!" kinaposikika usiku, watu hutoka mbio wakiwa wema, wakidhani wanakwenda kulinda mali ya jirani. Dakika kumi baadaye mtu amelala chini. Mmoja tu akipaza sauti akasema, "Mfungeni, tumpeleke kituoni, nami nitakwenda naye," huenda angepona. Ikiwa mmoja huyo hakupatikana, deni ni letu sote.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika eneo letu amepata kuuawa mtu na umati? Jina lake ni nani, na jamaa zake wanaishije sasa?

2. Sheria ya Ohio iliwatoza wakazi wote. Je, mnaiona kuwa ni haki? Kwa sababu gani?

3. Usiku kelele zinapopigwa, jumuiya yetu inaweza kupanga nini mapema ili mtuhumiwa afike mbele ya vyombo vya sheria akiwa hai?

4. Smith alimpinga mama Hunter kwa ajili ya kanuni. Je, sisi nasi tumepata kumwacha mtu nje ya mlango kwa sababu ya kanuni zetu?